Nimepunguza, Sista

Peter, leo nimeumbuka kule kliniki ya methadoni, tunakoachishwa dawa za kulevya. NIMEUMBUKA!

Sista Taslim si aliniambia sigara zinachochea maumivu ya huu mgongo niliouumiza kwa kubeba magunia ya mpunga kule Ubaruku? Akasema nipunguze. Leo kaniuliza mbele ya kikundi kizima, "Umepunguza?"

Kifua mbele nikamjibu, "Sana! Kila nikiwasha, nampunguzia mwenzangu Nashoni hapa nusu."

Nashoni naye kadakia, "Na mimi nampunguzia Maganga huyu hapa."

Nampunguzia, Peter! Kumbe alitaka nivute chache, siyo nigawe kama karanga 🤦🏾‍♂️

Sista kakodoa macho. "Maganga, wewe si huvuti?"

Maganga kainamisha kichwa. "Nilikuwa sivuti, sista. Hawa ndio wamenipunguzia."