Ghala la Mama Halina Mahindi

Nyumbani, Kitale
12 Machi 2006

Mpendwa ndugu yangu Festus,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko Mombasa, na joto linakuachia usingizi kweli? Sisi tunapumua, Mungu anatulinda. Watoto wamepona mafua, kelele zao zimerudi.

Najua unashangaa kwa nini Mama hataki kuongea nawe kwenye simu. Alinikataza nisikwambie, lakini kunyamaza kumenishinda.

Mara tu tulipomaliza kuvuna, alikuja kanisani mama mmoja aliyejiita Edinah. Alisali kwa Kibukusu mpaka watu wakatoa machozi. Baada ya ibada akatangaza kazi ya kufanyia nyumbani: kubandika bahasha za kampuni ya Nairobi. Unajua miguu ya Mama inavyovimba. Kusikia kuna kazi ya kukaa, alifurahi kama msichana. "Sasa Festus atapumzika, bana," alisema. "Dawa nitajinunulia mwenyewe."

Kulikuwa na ada ya kujiandikisha, kisha ya mafunzo, kisha ya gundi. Ukilipa hii inazuka ile. Halafu Edinah akasema makatoni ya bahasha ni mengi, yanataka chumba kikavu. Festus, Mama aliondoa mahindi yote ghalani! Broka aliyabeba kwa bei ya kutupa, na pesa zikaishia kwa Edinah. Pasta akaja kuliombea ghala tupu, nasi tukaimba.

Makatoni hayajafika mpaka leo. Simu ya Edinah haipatikani, na hiyo kampuni hakuna anayeijua. Sisi wa Kitale, wenye shamba, tunanunua mahindi kwa kopo la gorogoro sokoni. Naona aibu, na moyo unaniuma sana.

Yule mwanamke amenikasirisha zaidi kwa zile sala zake. Alituaga akisema anaelekea Kanduyi. Tafadhali mpigie mkeo Nanyama leo, maana yuko huko peke yake. Mwambie mwajiri wa kweli humlipa mtu, hamtozi. Akiombwa hata nauli ya kuletewa kazi, afunge mlango, hata mgeni asali vizuri namna gani.

Nawe usimgombeze Mama. Ukimpata kwenye simu, muulize habari za miguu tu.

Kila asubuhi bado analifagia ghala, hataki tuweke kitu. Jana nilimkuta ameketi humo, meza ameipangusa, gundi iko mbele yake. Akaniuliza, "Peris, si hiyo ni lori imesimama barabarani?" Niliona ni lori la mchanga tu. Lakini nilimwambia angoje, niende nikaangalie.

Mume wangu Mukhisa anakusalimu, na watoto pia. Mama hajui kwamba naandika, kwa hiyo hajanituma salamu. Nakupa zake hata hivyo.

Mungu akufunike na akurudishe kwetu salama.

Dada yako akupendaye,
Peris