Kuku wa Taa Juu ya Kreni

Nyumbani,
Nyuma ya duka la rangi,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko, na kile kifua kimepoa? Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika kwa kusimama kiwandani kutwa. Baba hajambo. Mama anakula vizuri, ila macho yake ndiyo yamenifanya nikuandikie.

Unajua kwamba baba anaendesha kreni kwenye jengo linalopanda mbele ya dirisha letu. Macho ya mama yalipoanza kufifia, baba alijitia ufundi ili ampe kitu cha kung'aa cha kutazama. Unamjua, akishika bisibisi hakuna redio iliyo salama. Alikunja nondo nyembamba akapata kuku na vifaranga vitatu, akawazungushia balbu ndogo za rangi, akawafunga chini ya mkono wa kreni. Kusema kweli kuku mwenyewe anafanana zaidi na buli, lakini mtaa mzima ulitoka kumtazama. Msimamizi alinuna, kisha akakubali, mradi baba atumie betri yake mwenyewe.

Kazi ikiisha, mkono wa kreni huachwa ugeuke na upepo, kwa hiyo kuku hutembea juu ya mapaa apendavyo. Jioni baba huwasha taa, hushuka, na kabla hajavua buti humuuliza mama kuku amefika wapi. Mama humwambia leo yuko juu ya shule, leo kamwacha kifaranga mmoja nyuma. Wanacheka. Nyumba ilikuwa imechangamka kweli.

Alhamisi betri iliisha chaji. Baba aliibeba begani hadi nyumbani, huko juu kukiwa giza tupu, akaitua sebuleni. Mama hakungoja aulizwe.

"Baba watoto, kuku wako leo anapendeza. Yuko juu ya duka la mikate, na wanawe wote."

Niligeukia dirisha: giza. Mama haoni tena, na sijui tangu lini. Kila jioni alikuwa akibuni tu, ili baba asivunjike moyo. Baba akamwambia ni kweli, leo katulia. Kisha akatoka kwenda kuvua buti nje.

Jana nilimpeleka mama kwa daktari wa macho. Amesema tumechelewa. Nimelia, sikufichi. Omba likizo uje, mdogo wangu. Uso wako hatauona, lakini sauti yako ataijua ungali mlangoni.

Leo baba anaichaji betri, na kesho anataka kupanda nayo tena. Nilimfuata kwenye ngazi alikoiweka nikamuuliza anajichosha kwa ajili ya nani, maana sasa anajua kwamba mama haoni. Alichomeka waya wa betri taratibu, wala hakugeuka.

"Mama yako akisema kuku yupo, basi awepo."

Nisalimie mkeo na yule mtundu wenu mdogo. Shangazi naye anakusalimu. Mungu akufungulie njia ya kurudi, akufikishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.