Mashine Inaniita Elijah

Diani, Jumatano

Kwa kaka yangu Swabir,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Chiku na watoto, na mama magoti yake yamepoa. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Usicheke mwandiko, darasa la tano wajua lilivyoniishia. Ningepiga simu, lakini nikisikia sauti yako huwa nanyamaza, halafu wewe wasema mtandao mbaya. Basi nimeandika, nampa Hafsa anayetufulia nguo hapa, leo anakwenda kwao Jego.

Kazi ni ile ile uliyonitafutia, kufyeka, kumwagilia maua, kufungua lango. Mzee Elijah si mtu mbaya, kaka. Twala chakula kimoja, na jino liliponisumbua alinipeleka hospitali mwenyewe. Ni mpweke tu. Watoto wake wako mbali, na rafiki zake watatu aliofanya nao kazi wako bara, wote wamestaafu. Wanashindana gofu, kila mtu nyumbani kwake.

Hapa barazani pana wavu na zulia la kijani, na mbele yake kuna kioo kama simu kubwa kimesimamishwa juu ya miguu mitatu. Mzee akipiga mpira unaingia wavuni, na kile kioo kinamwambia hapo hapo, kwa Kiswahili cha redioni, kwamba kiuno kimetangulia ama kichwa amekiinua. Si mtu anayesema, ni akili ya mashine. Yenyewe inatazama mwili, mpira haina haja nao. Kisha inatoa alama juu ya mia na kuwatumia wale wenzake, pamoja na picha ya mtu wa mistari mitupu, hana sura. Mzee alikuwa hapiti arubaini na tano. Mmoja alimwandikia kwamba anapiga kama mtu anayeua nyoka, na nyoka mwenyewe kashaenda zake. Alinisomea huku anacheka, lakini alipomaliza aliigeuza simu kifudifudi mezani.

Sasa miezi mitatu iliyopita Mzee aliingia ndani akaiacha mashine inawaka. Mimi nikawa nafyeka nyasi hapo ukingoni mwa baraza, vile Baba alivyotufunza shambani, bega lilegee, miguu itulie, kiuno ndicho kibebe fyekeo. Nikasikia ile sauti yasema, vizuri sana Elijah, themanini na tisa. Nikasimama na fyekeo hewani. Mzee alipotoka, wenzake walikuwa wameshatuma pongezi. Alizisoma zote, akaketi, akazisoma tena. Hakuwaambia si yeye. Jioni akanivisha kofia yake, akanipa fimbo, akasema nipige moja tu tuone.

Hiyo moja haijaisha mpaka leo. Asubuhi napiga, jioni napiga, nimevaa kofia na shati la Mzee. Mashine yaniita Elijah. Elijah, geuza bega. Elijah, pumua kwanza. Sikufichi, mwanzo nilipenda. Tangu nizaliwe sijaambiwa vizuri mara nyingi hivyo. Lakini sasa nikifagia naisikia, nikitia udhu naona kama yahesabu mkono wangu. Hata kufyeka nimeharibika. Nikiinua fyekeo nangoja kuambiwa.

Niliomba ruhusa nije nyumbani. Mzee akasema, kwa upole tu, kwamba nikiondoka hata siku mbili alama zitaanguka na wenzake watauliza. Akaongeza kwamba kile kibanda cha wageni anataka wewe ndiye umjengee, na akanikumbusha siku ile uliponileta ukamwambia mimi ni dhamana yako, nikikosea akuite wewe. Lango nafungua mimi, kaka. Ufunguo uko mfukoni mwangu, na sitoki.

Sasa keti chini. Siku ya arubaini ya Baba nilikutumia ujumbe kwamba nina homa. Sikuwa na homa. Nyinyi mkisoma hitima, mimi nilikuwa juu ya zulia na kofia ya watu kichwani. Siku hiyo nilipata tisini na tatu, nikaambiwa hongera Elijah.

Na jingine ni la leo. Mzee amekwenda Kwale kwa mambo ya hati ya shamba, akaniachia nipige thelathini. Nilipofika ya kumi na moja ile sauti ikasema, vizuri Elijah. Nikasema, mimi si Elijah, mimi ni Mwero Shutu. Ikauliza kama ibadilishe jina la mchezaji. Hapo ndipo ningenyamaza, kaka. Miaka ishirini na miwili nimeishi kwa kunyamaza. Nikasema ndiyo. Ikauliza kama ibadilishe na kwenye alama zote zilizopita. Nikasema ndiyo.

Mzee akirudi naweza kumwambia mashine imekosea. Ataniamini, mimi si mtu wa maneno. Lakini haikukosea, na mimi pia sikukosea. Nitamfungulia lango nimwambie mwenyewe, na fyekeo nimeshaliweka stoo. Akiniuliza naenda wapi, nitasema kwa Baba. Kibanda kikikupita, ujue ni mimi, usimlaumu Mzee. Na ukiona huwezi kunipokea, niruhusu nifike kaburini tu, nisome, kisha nitatafuta njia yangu.

Mpe mama mkono wangu, umwambie lile la homa kwa maneno yako, yangu hayatatosha. Msalimie shemeji. Watoto wabusu.

Hafsa ananihimiza. Simu Mzee ameisahau hapa mezani, tangu saa nne inatetemeka, ni wale rafiki zake. Nimesoma polepole maneno yaliyo juu ya kioo. Wote watatu wanauliza swali moja, Mwero ni nani.

Ni mimi ndugu yako,
Mwero wa Shutu, wa Jego.