Mbao za Yakubu

Kambi ya mbao, Kabambare, 3 Machi 1953

Yaya Aziza, dada yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Mimi niko muzima, lakini bwana yangu Faradji iko mubaya sana. Muti waliokuwa wanakata uliwageuka, ukamuangukia muguu. Mufupa unaonekana. Kidonda kinanuka, yaya. Nilimuomba muzungu wa kambi amupeleke Kasongo kwa motokari yao kubwa. Akasema: «Kamio ni ya mbao.» Kwa kipoyi, kubebwa na watu mabegani, hatafika. Nenda hospitali, uwaombe motokari.

Mudogo wako,
Amisa

Kasongo, 9 Machi

Mudogo wangu Amisa,

Sisi hatujambo, ila usingizi umetukimbia. Hospitali hawana motokari. Munganga alisema: «Mumulete haraka tukate muguu. Mukichelewa, mutazika.» Nikamutafuta Yakubu, dereva wa kamio yenu, nikamupigia magoti sokoni, watu wakitazama. Akasema: «Mama, nikipakia mutu, nitafungwa.» Hakukubali, hakukataa. Ndiye anakuletea barua hii. Umusemeshe na wewe.

Yaya wako,
Aziza

Kambi ya mbao, 12 Machi

Yaya,

Unisamehe, salamu ni fupi. Yakubu amekubali! Muzungu akiwa mezani, wakata-miti wamemupandisha Faradji juu ya mbao, wakamufunga kamba asianguke. Mimi kapita, musimamizi wa kazi, amenizuia. Homa imemuzidi Faradji, ananiita mama. Na mvua inanyesha bila kuacha. Barua hii iko kwa Yakubu; ukiipata, ukimbie hospitali. Kama hakufika muzima, usinifiche.

Mudogo wako,
Amisa

Kasongo, 20 Machi

Amisa wangu,

Pole kwa kungoja. Faradji iko hai. Wamekata muguu juu ya goti. Jana alikunywa uji kidogo.

Njiani, maji ya muto yalikuwa yamebeba daraja. Yakubu alishusha mbao za kampuni, akazitandika juu ya magogo yaliyobaki, akavusha kamio pole pole. Mbao zikavunjika, nyingine zikaenda na maji. Alimufikisha Faradji hospitali kwanza, kisha akaenda mwenyewe kwa wakubwa wake kusema alichofanya. Wakamufunga siku ileile.

Leo muke wa Yakubu, Marcelline, amekuja hospitali, tumbo lake karibu kuzaa. Nikaogopa, nikasimama mbele ya kitanda cha Faradji. Hakunitukana. Aliuliza tu:

«Iko hai?»

«Iko hai.»

«Basi sogea, mama, nimuone. Yakubu ataniuliza.»

Yaya wako,
Aziza