Jina Chini ya Ukingo wa Sufuria

Pune, 2 Machi 2013

Amma mpendwa,

Hujambo? Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila chapati za huku zimenichosha. Nina hamu na wali wako.

Amma, nina shida. Ile herufi inayoanza jina la bibi Ishwari, duara kubwa lenye viduara viwili ubavuni, haimo kwenye kompyuta. Tunanakili vitabu vya zamani vya lugha yetu, na kila tukifika penye herufi ile tunaacha pengo. Wakubwa wanaopanga herufi za kompyuta wanasema watu wa kawaida hawakuitumia, ni urembo wa wachapaji tu. Nikawaambia imechongwa kwenye sufuria ya shaba jikoni kwetu. Wanataka picha kabla Aprili haijaisha. Mwite Velayudhan wa studio aipige.

Mwanao,
Latika

Cherpulassery, 14 Machi 2013

Latika mwanangu,

Salamu nyingi. Magoti yananguruma kama kawaida, usiyawazie. Unakula? Usinidanganye.

Barua yako niliisoma nimesimama, kwa furaha. Sufuria ya mama yangu ionwe na wakubwa! Sasa ningeiacha na masizi yote yale ya kupikia uji mtamu wa payasam? Wangesema binti wa Ishwari mchafu. Nimeisugua siku mbili kwa ukwaju na majivu, mpaka unaweza kuchana nywele ukijitazama humo. Velayudhan akacheka: "Dada, kumbe bibi harusi ni sufuria!" Picha hizi hapa. Jina mimi silioni vizuri, lakini wewe una macho mazima.

Mama yako

Pune, 25 Machi 2013

Amma,

Hujambo? Picha zimefika. Zinang'aa tu, jina halionekani hata kidogo. Yale masizi ndiyo yaliyokuwa wino wake, Amma. Kwa nini hukuniuliza kwanza? Basi, yaishe. Nitawaambia nilikosea.

Latika

Cherpulassery, 19 Aprili 2013

Latika mwanangu,

U mzima? Safari hii hukuandika "mwanao". Nimeona.

Wiki tatu nimekuwa nikiipita sufuria ile kama mtu niliyemkosea. Shule niliacha darasa la tatu, lakini herufi ile sikuipata shuleni. Mama alinishika kidole akakipitisha juu ya jina lake, sufuria ingali vuguvugu. Duara kubwa ni yeye, akasema. Vile vidogo ni mimi na mjomba wako. Jana nikafumba macho, nikapeleka kidole chini ya ukingo. Jina lipo! Sikulifuta, nililiosha tu.

Nikakoroga masizi ya taa na mafuta ya nazi, nikajaza mikato kwa chelewa, nikapangusa juu kwa kitambaa. Jina likanitazama. Velayudhan kapiga picha nane.

"Dada, nipumue?"

"Kapumulie nje!"

Nimezituma leo kwa posta ya haraka. Zikichelewa, nisamehe.

Mama yako

Pune, 6 Julai 2015

Amma wangu,

Hujambo, na magoti? Tangu picha zako zifike, siku moja tu kabla ya muda kwisha, nimekuwa nikikwambia subiri, subiri. Sasa usisubiri tena. Imekubaliwa! Herufi ya bibi imepewa mahali pake kwenye kompyuta za dunia nzima. Nimekutumia jina lake kwenye simu. Fungua utazame.

Mwanao, mwanao, mwanao,
Latika

Cherpulassery, 15 Julai 2015

Mwanangu,

Magoti yanakusalimu. Mvua hapa haina adabu.

Nilivaa miwani, nikafungua simu. Mwanzo wa jina pana kijisanduku kitupu, ndipo zinafuata herufi nyingine. Velayudhan anasema simu yangu ya zamani, habari hazijaifikia. "Nunua mpya, dada." Nikamwambia anyamaze.

Na wewe usinitumie simu. Niliweka kidole juu ya kijisanduku, nikakipitisha alivyonionyesha mama: duara kubwa, kisha mdogo wa huku, kisha mdogo wa kule. Tulikuwamo wote.

Njoo sikukuu ya Onam tupike payasam. Sufuria siku hizi naiosha ndani tu.

Mama yako