Mtani Niliyemfukuza Msibani

Uskochi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujavaa miwani na kuanza kuogopa: mimi mzima, siumwi, sijafukuzwa chuo, wala sijaolewa kimyakimya. Nimefaulu, Mama. Sasa mwambie mtu azime feni isipeperushe karatasi, ukae, usome taratibu. Mguu unaendeleaje? Na presha? Baba naye, bado anakohoa vumbi la mbao kule karakana, au ameanza kuvaa zile barakoa nilizomtumia? Namjua, atakuwa amezitunza kabatini ili zisichafuke.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa, na kabla sijamaliza salamu Chang'ombe nzima imeshajua nimekula nini. Haya ni yako kwanza. Rehema, yule binti wa Kimara ninayesonga naye ugali kila Jumapili, anakuja likizo, nami nimemwapisha asimpe bahasha hii mtu mwingine yeyote.

Nianze na kosa, maana likikaa mwisho nitaliacha. Nilikudanganya. Ile tasnifu yangu uliyokuwa ukiniulizia, nami nikijibu kwamba walimu bado wanasahihisha, walikuwa wameshasahihisha zamani. Waliikataa. Wakanipa nafasi moja tu ya kuiandika upya, nikishindwa tena nifunge begi nirudi nyumbani bila shahada. Kwa miezi minne nimeishi na hilo peke yangu. Nilikuwa nikikusikia unavyowaambia majirani, "Zuhura wangu yuko Ulaya anasomea Wagiriki na Warumi," nao wanakuuliza kama kuna ajira humo, nawe unajibu kwa maringo kwamba ajira ataijua mwenyewe. Ningekwambiaje?

Nilikuwa nimeandika kuhusu mazishi ya Warumi. Wale watu, Mama, akifa mkubwa wao, walimweka mwigizaji atembee kwenye msafara wa mazishi. Anavaa kinyago chenye sura ya marehemu, anaiga mwendo wake na sauti yake, anamtania mbele ya wafiwa. Kama marehemu alikuwa bahili, atalalamika kwamba mazishi yake yenyewe yamekuwa ghali mno! Na watu wanacheka huku maiti imelala pale pale. Mimi nikaandika kurasa themanini kusema kwamba hiyo ilikuwa dharau, au kisasi cha watu waliomchukia marehemu. Maneno hayo niliyatoa kwenye vitabu vya wataalamu na kuyapanga vizuri.

Mwalimu wangu ni bibi mwenye mvi, mpole, anakunywa chai bila sukari na bila huruma. Alinirudishia kazi yangu akasema, "Umeniambia wengine wanaona nini. Wewe, unayetoka unakotoka, unaona nini?"

Nikamjibu kwamba sioni kitu. Hapo ndipo nilipodanganya mara ya pili, maana nilikuwa ninaona, na nilichokiona kilinitia aibu.

Unajua ninakoelekea. Msiba wa Babu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza digrii yangu ya kwanza pale Dar, kichwa kimejaa. Umekaa mkekani, baba yako amelala chumbani anasubiri kuzikwa, hujalia wala hujameza hata uji tangu jana. Mara Mzee Nandonde, mtani wa ukoo wetu tangu huko Newala, akatoka chumbani amevaa koti la Babu. Lile la bluu lenye vifungo vya shaba, la enzi zake za ulinzi wa geti la kiwanda. Akaja anachechemea kama Babu, ameinua kidole kama Babu, anawasimamisha akina mama waliokuja kutoa pole.

"Wewe! Kitambulisho! Nani kakuruhusu kuingia?" Kisha akageukia dari. "Na hizi taa mbili mchana nani kawasha? Mnanimalizia umeme, mie hata sijaondoka!"

Nikasimama. Nikamwita mhuni asiye na adabu. Nikamwambia atoke, na nikamwonyesha mlango kwa kidole. Yeye akanitazama, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Samahani, mwanangu." Akatoka, na pilau ilikuwa haijapakuliwa. Shangazi alijishika mdomo. Wewe ulisema neno moja tu: "Zuhura, mtani hafukuzwi." Nikakujibu kwamba hayo ni mambo ya kizamani. Halafu nikapanda ndege kwenda kusomea mambo ya kizamani ya watu wengine.

Tangu siku ile Mzee Nandonde hakukanyaga tena kwetu. Hitima ya Babu hakuja. Ulipougua mguu hakuja. Hukuwahi kunilaumu, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Basi baada ya maneno ya yule bibi nilikaa siku tatu nikiizunguka simu. Nilikuwa na namba ya Mzee, aliyonipa kaka Hamisi, nikamkataza asikwambie. Nilihitaji kumuuliza mambo ya tasnifu, lakini kusema kweli nilihitaji kujua kama utani wetu umekufa. Siku ya nne, asubuhi ya huku, mchana wa Kigamboni anakoishi Mzee, nikapiga.

"Nani mwenzangu?"

"Shikamoo Mzee. Ni mimi Zuhura, mjukuu wa marehemu, wa Chang'ombe."

Nikasikia kuku, na redio kwa mbali.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Masomo yanaendaje?"

Mama! Mzee Nandonde, ambaye nilipokuwa mtoto alikuwa hawezi kupita mbele yangu bila kuuliza kama nimezaliwa na pua ile au nimeiokota, ananiuliza masomo yanaendaje! Angenitukana nisingeogopa. Alinipokea kama mtu wa benki. Nikajua ndiyo basi, kamba imekatika, na aliyeikata ni mimi.

Nilikuwa nimeandaa kuomba radhi, na maneno mazuri nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi. Nikaitazama ile karatasi nikaona haifai. Kumwomba mtani radhi kwa adabu ni kuzidi kumweka nje. Nikafumba macho.

"Mzee, mie sikupiga kwa ajili ya masomo. Nimepiga kuulizia kama umeshakufa. Huku baridi kali, nikasema labda mwenzetu keshaondoka, nirithi zile nguo zake mbovu."

Redio ikazimwa. Nilihesabu pumzi zangu.

"Nife mie?" akasema. "Nife nikuachie nani wa kumwita mhuni? Mtoto una sura kama mwiko uliochomwa, umeenda Ulaya wakakupuliza baridi ukadhani ni elimu! Na kama ni nguo, lile koti la babu yenu ninalo mie. Mlinifukuza nalo mgongoni, hakuna aliyekumbuka kunivua!"

Nililia na kucheka kwa pamoja, mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kugonga. Umelitafuta koti lile miaka mitatu! Umewashuku wageni wote wa msiba, mpaka yule mke wa Baba mdogo. Liko Kigamboni.

Tuliongea saa nzima. Nikamuuliza kwa nini watani wanafanya vile, yeye akanishangaa kama nimeuliza kwa nini watu wanakula.

"Msiba ukiachwa peke yake unaondoka na watu wengine," akasema. "Sie kazi yetu kuuvunja. Mama yako siku ile alikuwa amekauka. Nilipotembea kama baba yake, alicheka. Hukumwona?"

Sikukuona. Nilikuwa nimesimama mbele yako, nimekupa mgongo, ninakutetea. Kweli ulicheka? Nijibu hilo, hata kama hutajibu mengine yote.

Halafu akanitajia jambo ambalo wewe nadhani unalijua. Kaburi la Babu ni yeye aliyelichimba, yeye na wanawe, tangu alfajiri, wakati mimi nimelala. Alikuja kwetu kututania akiwa na udongo kwenye kucha. Nimeona aibu, Mama, na sitaki iniishe haraka.

Nikaandika upya. Sikusema kwamba Warumi ni Wamakonde kama sisi, usiogope. Yule mwigizaji wao alilipwa, na mtani wetu halipwi, anachukua mwenyewe. Lakini nilisema kwamba anayemtania maiti si lazima awe adui yake, huenda ndiye pekee aliyepewa ruhusa ya kumrudisha kidogo kabla hajaondoka kabisa. Siku ya kuitetea nilikaa mbele ya walimu watatu. Mmoja akauliza, "Unajuaje kwamba wafiwa hawakukasirika?"

Nikamwambia, "Kwa sababu mimi nilikasirika, na kwetu mpaka leo watu wananishangaa."

Nikawaeleza yote, geti la kiwanda, taa mbili, kidole changu na mlango. Walinitoa nje dakika kumi. Niliporudi, yule bibi wa chai bila sukari alinishika mkono akasema nimefaulu, kisha akauliza kama Mzee Nandonde anaweza kuja kufundisha. Nikasema hapana, atawatukana. Nimelala siku mbili, Mama. Nilikuwa sijalala vizuri tangu wanikatalie ile ya kwanza.

Sasa ninakuomba jambo. Mzee amesema ana sahani yake ya pilau aliyoiacha kwako, na amechoka kuisubiri. Anakuja Ijumaa ya kwanza baada ya Rehema kukufikishia barua hii, nimempa namba ya Rehema waongee. Pika ya kutosha, na nyama usiifiche, ataitafuta.

Nisalimie Baba, umwambie barakoa ni ya kuvaa. Msalimie kaka Hamisi aliyeweza kutunza siri kwa mara ya kwanza maishani mwake. Shangazi mpe pole ya kujishika mdomo siku ile. Mke wa Baba mdogo umwombe radhi ya koti, wewe mwenyewe, mimi nimeshaomba zangu. Na jirani yetu wa vitumbua mwambie huku hawavijui, wanakula mikate tu.

Ijumaa hiyo utaona koti la bluu linaingia kwa kuchechemea. Usishtuke. Akikuamkia kwa heshima, nipigie simu haraka, tuna kazi bado. Lakini akisimama mlangoni akakudai kitambulisho, mpakulie, Mama. Ujue nimesamehewa.

Ni mimi mwanao, mwenye sura ya mwiko,

Zuhura