Siafu wa Mstari wa Mbele

Wanjiru wangu,

Eldoret kuna baridi bado? Huku Mwihoko tuko poa. Guka, babu yako, amepona kikohozi, sasa anabishana na redio tena.

Unauliza, ukikosea densi mbele ya watu itakuwaje? Nikiwa msichana, kikundi cha densi kilichozunguka mijini kilikuja Ruiru kutufundisha. Nilisimama mstari wa mbele. Siafu akaniuma pajani, nikarusha mguu, nikapiga kelele, "Ūūi!" Wasichana wote nyuma yangu wakarusha mguu, "Ūūi!" Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. "Hiyo tunaiweka!" akasema.

Jumapili tukacheza nao Thika, na mguu huo watu wakaudai tena na tena.

Siafu alipata kofi moja, Wanjiru. Mimi nikapata makofi ya Thika nzima.

Nyanya yako, Shosho